Ismail Samani: Amiri aliyemshinda kaka yake kisha akamrudishia kiti

KILA Mwislamu aliyewahi kukaa mbele ya mwalimu na kufunguliwa kitabu cha Hadithi amelitaja jina la Bukhara. Pengine amelitaja bila kujua kuwa anautaja mji, kwani jina hilo limekwisha kuwa jina la kitabu na la Imamu aliyekikusanya. Imamu Muhammad bin Ismail al-Bukhari alizaliwa katika mji huo mwaka 810 Miladia, na akafariki karibu na Samarkand mwaka 870. Miaka minne tu baada ya kufariki kwake, aliingia Bukhara kijana wa miaka 25 akiwa hana jeshi kubwa, naye akaufanya mji huo kuwa makao makuu ya dola iliyotawala Asia ya Kati kwa zaidi ya miaka mia moja. Kijana huyo ni Ismail bin Ahmad as-Samani.

Wapenzi wasomaji, tumezoea kusoma historia ya wafalme kwa kuhesabu vita walivyoshinda. Leo tunakusudia kuisoma habari ya amiri huyu kwa namna nyingine. Vita alivipigana, na alivishinda. Lakini tukiwauliza wanahistoria ni jambo gani lililoisimamisha dola yake, tutaona kuwa jawabu halimo katika vita vyenyewe. Limo katika jambo alilolifanya muda mfupi baada ya ushindi mmoja, siku ambayo aliyesimama mbele yake akiwa mateka hakuwa adui kutoka mbali. Alikuwa ni kaka yake, mtoto wa baba yake.

Ukoo wa Saman

Nchi tunayoizungumzia Waarabu waliiita Maa Waraa an-Nahr, yaani nchi iliyo ng'ambo ya mto. Mto wenyewe ni Amu Darya, ambao katika vitabu vya kale huitwa Jayhun. Leo hii sehemu kubwa ya nchi hiyo imo katika Uzbekistan na Tajikistan. Majeshi ya Waislamu chini ya Qutayba bin Muslim yaliifungua miji yake mikubwa mwanzoni mwa karne ya 8. Ni nchi ya jangwa na milima mirefu, na kati yake mna mabonde yenye rutuba yanayonyweshwa kwa mifereji. Misafara ya biashara iliyotoka China kwenda Iran na Iraq ilipita humo, ikibeba hariri, karatasi, manyoya na mengineyo.

Babu mkuu wa ukoo huu aliitwa Saman. Alikuwa mmoja wa mabwana wa ardhi wa Kiajemi, na wasimulizi wanasema alifuata dini ya Majusi, kisha akasilimu mikononi mwa Asad bin Abdallah, gavana wa Khurasan wakati wa Bani Umayya. Kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa gavana huyo, alimpa mwanawe jina la Asad.

Asad naye alipata wana wanne: Nuh, Ahmad, Yahya na Ilyas. Vijana hawa walimtumikia kwa uaminifu Khalifa al-Mamun wa Bani Abbas, na mnamo mwaka 819 wakalipwa kwa utumishi wao. Nuh alipewa Samarkand, Ahmad akapewa Farghana, Yahya akapewa Shash, ambayo leo ni Tashkent, na Ilyas akapewa Herat. Hawakuwa wafalme. Walikuwa maliwali chini ya gavana wa Khurasan, naye gavana alikuwa chini ya Khalifa aliyekuwa Baghdad.

Katika ndugu hao wanne, nyumba ya Ahmad ndiyo iliyokuja kuwa na nguvu. Alipofariki, mwanawe Nasr alirithi cheo akakaa Samarkand. Ismail alikuwa mdogo wake Nasr, aliyezaliwa Farghana mwaka 849. Kwa kawaida ya watawala wa zama zile, mdogo mtu hakuwa na la kutarajia isipokuwa kile ambacho kaka yake angependa kumpa.

Bukhara yaomba mtawala

Mwaka 873 Khurasan iliingia katika msukosuko. Mtu mmoja wa Sistan, Yaqub bin Layth, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kufua shaba, aliinuka na jeshi lake, akauteka mji wa Nishapur na kuwaondoa Bani Tahir waliokuwa magavana wa Khurasan. Kwa kazi hiyo yake, ukoo wake ukaitwa Saffari, yaani wafua shaba. Gavana alipoanguka, miji iliyokuwa chini yake ikabaki kama kundi lisilo na mchungaji.

Bukhara ilikuwa miongoni mwa miji hiyo. Ilivamiwa na jeshi kutoka Khwarazm, nyumba zikachomwa moto na watu wakaporwa. Mji ulikuwa na matajiri na wanazuoni, lakini haukuwa na mkono wa kuulinda. Hapo ndipo mwanazuoni mmoja, Abu Abdallah, mwana wa faqihi maarufu Abu Hafs wa Bukhara, alipokutana na wakubwa wa mji wakashauriana. Wakamwandikia Nasr bin Ahmad huko Samarkand wakimwomba awapelekee amiri. Nasr akamchagua mdogo wake, Ismail.

Tunazo habari hizi kwa urefu katika kitabu cha historia ya Bukhara kilichoandikwa na Narshakhi mwaka 943, yaani miaka 36 baada ya kifo cha Ismail. Anatueleza kuwa Ismail alipofika Karmina, mji ulio njiani kati ya Samarkand na Bukhara, alikuwa na wasiwasi, kwani watu aliokuwa nao walikuwa wachache na hakujua wenyeji watampokeaje. Abu Abdallah akatoka mjini kwenda kumlaki huko huko Karmina. Ismail alipomwona moyo wake ukatulia, kwa kuwa alielewa kuwa jambo likikubaliwa na mwanazuoni yule, watu wa mji hawatalipinga.

Katika mwezi wa Ramadhani mwaka 260 Hijria, sawa na mwaka 874 Miladia, khutba ya Ijumaa ilisomwa Bukhara kwa jina la Nasr bin Ahmad, na jina la Yaqub bin Layth likaondolewa. Tuzingatie jambo hili. Jina lililosomwa juu ya mimbari lilikuwa la kaka, si la mdogo aliyefika. Mwaka uliofuata Khalifa al-Mutamid alimpelekea Nasr barua ya kumtambua kuwa mtawala wa Maa Waraa an-Nahr yote.

Kazi iliyomsubiri Ismail haikuwa nyepesi. Majambazi waliojikusanya kwa maelfu walikuwa wakipora vijiji vya pembezoni, na jeshi la Khwarazm lilikuwa bado halijakata tamaa. Mmoja baada ya mwingine akawashinda, mpaka mkulima akarudi shambani kwake na mfanyabiashara akaweza kusafiri tena.

Fedha zaingia kati ya ndugu

Bukhara ilitakiwa kumpelekea Nasr dirhamu 500,000 kila mwaka. Ismail alikuwa ametumia mali nyingi katika vita vya kuulinda mji, na fedha zile hazikuwepo za kupeleka. Nasr akaandika barua kuzidai, wala hakupata jawabu la kumridhisha. Barua zikafuatana, maneno yakazidi kuwa makali, na watu wa pembeni wakapata nafasi ya kupenyeza yao.

Hapa ndipo habari hii inapofanana na habari za nyumba nyingi tunazozijua. Kila mmoja kati ya ndugu wale alikuwa na hoja. Nasr alikuwa mkubwa wa ukoo, yeye ndiye aliyempa mdogo wake cheo, na barua ya Khalifa ilikuwa mikononi mwake. Ismail alikuwa ndiye aliyetoa jasho, aliyeukuta mji umeungua akaujenga. Mmoja alisema: nimekupa. Mwingine alisema: nimekifanyia kazi. Maneno haya mawili yamevunja udugu wa watu wengi tangu zama za kale hadi leo.

Mwaka 272 Hijria (885/886) Nasr alikusanya jeshi akaelekea Bukhara. Mara hiyo damu haikumwagika sana, kwani Rafi bin Harthama, aliyekuwa na nguvu Khurasan wakati ule, aliingia kati na suluhu ikapatikana. Lakini suluhu ile ilikuwa ya karatasi. Lililo moyoni halikusemwa, na deni likabaki kuwa deni. Baada ya muda fedha zikasimama tena, na Nasr akakusanya jeshi kubwa zaidi.

Yaliyotokea baada ya ushindi

Katika mwezi wa Jumadi al-Akhir mwaka 275 Hijria, yaani mwaka 888, majeshi ya ndugu wawili yalikutana. Jeshi la Samarkand likashindwa. Waliomzunguka Nasr wakatawanyika, naye akabaki na watu wachache mno, akakamatwa na askari wa mdogo wake.

Ndugu wasomaji, tuikumbuke desturi ya wafalme wa zama zile katika mahali kama hapo. Mfalme aliyemkamata ndugu yake alikuwa na njia tatu zilizojulikana: kumuua, kumpofusha macho ili asifae tena kutawala, au kumtia gerezani mpaka afe. Hata katika nyumba ya Makhalifa wa Baghdad yenyewe, al-Amin, ndugu yake al-Mamun, aliuawa mwaka 813 baada ya vita kati yao. Hakuna ambaye angeshangaa kama Ismail angetoa amri ya namna hiyo.

Habari ilipomfikia Ismail akaja mbio. Alipofika mahali alipowekwa kaka yake alishuka juu ya farasi wake, akamwendea kwa adabu, akambusu. Wapo wanaosimulia kuwa alibusu mkono, na wapo wanaosimulia kuwa alibusu kikuku cha farasi wake. Nasr alidhani anafanyiwa kejeli. Akamuuliza mdogo wake kama ni mzaha. Ismail akamjibu kuwa si mzaha. Akasema kuwa yaliyotokea yametokea kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, akakiri mbele ya watu kuwa kosa ni lake yeye, na kwamba mkubwa ndiye anayestahiki kusamehe.

Alikuwepo hapo ndugu yao mwingine, Ishaq, aliyekuwa upande wa Ismail. Ishaq alibaki juu ya farasi. Ismail akamgeukia na kumkemea kwa kutoshuka mbele ya bwana wao. Ishaq akashuka, akaomba radhi, akasema kuwa farasi wake ni mkorofi ndiyo maana akachelewa. Tulihifadhi jina la Ishaq, kwa kuwa tutalikuta tena mbele.

Kisha Ismail akamshauri kaka yake arejee Samarkand haraka, kabla habari za kushindwa kwake hazijafika huko zikazusha fitina. Akampa watu wa kumsindikiza, na Nasr akarudi katika kiti chake akiwa bado ni amiri wa nchi yote. Ismail naye akarudi Bukhara akiwa bado ni naibu. Hali hiyo iliendelea kwa miaka minne mizima, mpaka Nasr alipofariki mwaka 892, akiwa amekwisha kumwachia mdogo wake urithi wa utawala wote.

Huruma au siasa?

Wapo wanaosema kuwa Ismail hakufanya hivyo kwa huruma bali kwa hesabu. Wanasema kuwa barua ya Khalifa ilikuwa na jina la Nasr, na lau Ismail angemuua angehesabiwa kuwa mwasi, na maadui waliokuwa Khurasan wangepata sababu ya kumvamia. Tena Samarkand ingekataa kumtii, na angelazimika kuuzingira mji wa kaka yake kwa miezi.

Sisi hatuoni sababu ya kuikataa hoja hiyo. Ni kweli kuwa aliyoyafanya yalimfaa. Lakini tunauliza: ni wangapi katika historia waliokuwa na maslahi kama hayo mbele ya macho yao, na hasira ikawazuia kuyaona? Hesabu ni jambo rahisi kwa mtu anayesoma kitabu. Kwa mtu ambaye vumbi la vita bado limo usoni mwake, na ambaye ametoka kuwazika wenzake waliouawa na jeshi la huyu aliyeketi mbele yake, hesabu hiyo inataka moyo uliofunzwa. Na kama ingekuwa hesabu peke yake, ingetosha kumwachia kaka yake cheo. Haikuhitaji kushuka juu ya farasi, wala kumkemea Ishaq, wala kusema mbele ya askari walioshinda kuwa kosa ni langu.

Waislamu wanaijua habari ya Nabii Yusuf (A.S.) na ndugu zake waliomtupa kisimani, kisha wakasimama mbele yake wakiwa wahitaji. Wanajua pia jinsi Mtume wetu (S.A.W.) alivyowaachia huru watu wa Makka siku alipoufungua mji huo, ilhali walimtoa katika nyumba yake. Mtu aliyelelewa katika mji wa wanazuoni hakukosa kuzisikia habari hizi. Kuzisikia ni jambo moja. Kuzitumia siku ambayo upanga uko mkononi mwako ni jambo jingine.

Sufuria ya Amr bin Layth

Baada ya mwaka 892 Ismail alikuwa mtawala wa nchi nzima, naye akaendelea kukaa Bukhara badala ya kuhamia Samarkand. Mwaka uliofuata alivuka mpaka wa mashariki akauteka mji wa Taraz, ambao leo uko Kazakhstan. Kwa ushindi huo makabila ya Waturuki waliokuwa wakivamia miji yake yakarudi nyuma.

Mtihani mkubwa ukaja kutoka kusini. Amr bin Layth, aliyemrithi ndugu yake Yaqub mfua shaba, alikuwa na Khurasan na sehemu kubwa ya Iran. Hakutosheka. Mwaka 898 alimtaka Khalifa al-Mutadid ampe na Maa Waraa an-Nahr, na Khalifa akampa kwa maandishi. Inasimuliwa kuwa Ismail alimwandikia Amr akimsihi atosheke na nchi kubwa aliyonayo, amwachie yeye kona hii ya mpakani. Amr hakusikia.

Ismail akauvuka mto, na mwaka 900 majeshi yakakutana karibu na Balkh. Safari hii haikuchukua muda mrefu. Jeshi la Amr likavunjika, naye mwenyewe akakamatwa.

Nizam al-Mulk, waziri mashuhuri wa Waseljuk aliyefariki mwaka 1092, ameisimulia katika kitabu chake cha siasa habari ya jioni ya siku ile. Amr alikuwa na njaa. Mtumishi mmoja akapata kipande cha nyama, akakitia katika sufuria juu ya moto, kisha akaenda kutafuta chumvi. Akaja mbwa akaingiza kichwa, akaungua, akakurupuka na mpini wa sufuria shingoni akakimbia nayo. Amr alipoona vile akacheka. Walinzi wakashangaa. Akawaeleza kuwa asubuhi ya siku hiyo msimamizi wake wa jikoni alimlalamikia kuwa ngamia mamia waliobeba vyombo vyake hawatoshi, na jioni yake mbwa mmoja amevibeba vyote bila taabu.

Nizam al-Mulk anaendelea kusimulia kuwa Amr alimpelekea Ismail orodha ya hazina zake na za ndugu yake, akitaraji kujikomboa kwayo. Ismail aliikataa. Alisema kuwa watu hawa walizaliwa katika nyumba ya mafundi wa shaba, na mali hiyo hawakuirithi. Wameichukua kwa wajane, wasafiri na wanyonge. Akaona kuwa Amr anataka kumtwisha yeye mzigo wa dhulma hiyo Siku ya Kiama. Amr akapelekwa Baghdad, akafa gerezani mwaka 902. Khalifa akampelekea Ismail barua ya Khurasan, na hivyo ndivyo dola ya Wasamani ilivyosimama rasmi kutoka milima ya mashariki hadi katikati ya Iran.

Mizani, ukuta na theluji

Sifa ya uadilifu wa Ismail imesimuliwa na wengi. Inasemekana kuwa katika mji mmoja wa dola yake iligunduliwa kuwa mawe ya mizani yaliyotumika kupimia kodi yalikuwa mazito kupita kipimo cha haki. Akaamuru yarekebishwe, na kile kilichozidi katika miaka iliyopita kikapunguzwa katika kodi ya watu wa mji ule.

Nizam al-Mulk anasimulia pia kuwa siku za baridi kali na theluji, Ismail alipanda farasi wake akaenda peke yake kusimama katika uwanja wa mji mpaka wakati wa Adhuhuri. Aliona kuwa huenda siku kama hiyo akatokea masikini mwenye shida, asiye na nauli wala makazi, akazuiwa mlangoni kwa kuambiwa kuwa amiri hatoki kwa ajili ya baridi.

Kuhusu ukuta, Narshakhi anatueleza kuwa bonde lote la Bukhara lilikuwa limezungushiwa ukuta mrefu wa kuzuia wavamizi, na kila mwaka watu walitozwa mali na nguvu kazi ili kuukarabati. Ismail akawaondolea mzigo huo, akatangaza kuwa maadamu yu hai yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa ukuta wao. Aidha alinunua ardhi kwa mali yake akaiweka wakfu, ikiwamo ya kuihudumia ribati, nyumba ya kupokea wageni na walinzi wa mipaka.

Haki inatutaka tuseme pia upande wa pili. Sehemu ya utajiri wa dola hii ilitokana na biashara ya watumwa wa Kituruki waliotekwa mipakani na kuuzwa katika miji ya Waislamu, na wengi wao waliingizwa jeshini. Mbegu hiyo ilikuja kuota. Ismail alifariki mwezi wa Safar mwaka 295 Hijria, yaani mwaka 907. Mwanawe Ahmad aliyemrithi aliuawa mwaka 914 na watumwa wake mwenyewe. Na katika karne hiyo hiyo ni makamanda wa Kituruki wa dola hii waliojitenga wakaanzisha utawala wao huko Ghazna. Ulipofika mwaka 999 Bukhara ilitekwa na Waturuki wa Karakhani, na dola ya Wasamani ikaisha.

Hata hivyo, amani aliyoijenga Ismail ilizaa matunda. Fedha za Wasamani zimechimbuliwa ardhini hadi katika nchi za Ulaya ya Kaskazini. Lugha ya Kiajemi, ambayo nasi tumeazima kwake maneno kama bandari na serikali, ilistawi katika barza zao ikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tafsiri ya Qur'ani ya at-Tabari ikahamishiwa katika lugha hiyo kwa amri ya mmoja wa wazao wake. Ibn Sina, tabibu mkubwa, alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na akasoma katika maktaba ya watawala hawa. Kaburi la ukoo huo, jengo dogo la matofali ya kuchoma, bado limesimama Bukhara, ingawa jeshi la Chingiz Khan lilipita hapo mwaka 1220 na kuuharibu mji. Nchi ya Tajikistan imeipa fedha yake jina la somoni, kwa kumbukumbu ya amiri huyu.

Farasi wa Ishaq

Tulisema jina la Ishaq tutalikuta tena. Mwaka 914, Ahmad bin Ismail alipouawa, utawala ulimwangukia mwanawe Nasr wa Pili aliyekuwa mtoto wa miaka minane. Aliyeinuka kudai kiti kwa nguvu alikuwa ni Ishaq, ndugu yake Ismail, aliyekuwa Samarkand. Akapigana na mjukuu wa ndugu yake, akashindwa. Mtu yule yule aliyechelewa kushuka juu ya farasi mbele ya kaka yake mwaka 888, baada ya miaka 26 alikuwa bado hajashuka.

Ismail aliweza kumsamehe Nasr, lakini somo lile hakuweza kulirithisha kwa ukoo wote. Baba huacha nyumba, shamba, duka na fedha, na kila kimoja kina kanuni yake katika elimu ya mirathi. Tabia ya kusamehe haina fungu katika mirathi. Watoto huipata kwa kuiona ikitendeka wakiwa wadogo, au hawaipati kabisa.

Sisi tunaoitwa katika vikao vya familia kusuluhisha mambo, tunaona mara nyingi kuwa kinachogombaniwa si kikubwa. Ni chumba kimoja, ni miti michache ya minazi, ni deni ambalo mmoja anadai na mwingine hana la kulipa. Mkubwa husema yeye ndiye mkubwa. Mdogo husema yeye ndiye aliyemuuguza mzee mpaka mwisho. Wote wawili wana ukweli, na kadhi akihukumu atampa kila mmoja haki yake. Lakini hukumu ya kadhi hugawa mali tu. Haiwezi kumlazimisha mtu amtembelee ndugu yake siku ya Idi.

Hapo ndipo tunapomhitaji mwenye nguvu zaidi ashuke kwanza. Aliyeshinda kesi, aliyefanikiwa katika biashara, ambaye watu wote mtaani wanasema kuwa haki ni yake, huyo ndiye mwenye farasi wa kushuka. Aliyeshindwa hana pa kushuka, kwani yuko chini tayari, na akija yeye kwanza ataonekana amekuja kuomba. Ismail alikwenda kwa kaka yake wakati ambapo hakuhitaji kwenda kwa yeyote. Alisubiri miaka minne chini ya mtu aliyemshinda, kisha kile ambacho angekinyakua kwa siku moja akapewa kwa ridhaa, bila ya watoto wa Nasr kumchukulia kuwa muuaji wa baba yao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azipatanishe nyoyo za ndugu waliohasimiana katika nyumba zetu, na ampe kila mwenye uwezo kati yao ujasiri wa kutangulia kumwendea mwenzake kabla mmoja wao hajatangulia kaburini. Amin.